Maneno yafike hata nyuma: namna ya kupanga sauti, umeme na picha kwa mkutano wa kampuni, tukiangalia Kasumbalesa



Miaka michache iliyopita, kampuni moja ya usafirishaji iliomba ukumbi wa kanisa letu kwa ajili ya siku ya usalama ya madereva wake. Ilikuwa majira ya baridi, vumbi jekundu likiingia kila mahali, na magari makubwa yakingoja zamu ya kuvuka kama ilivyo kawaida hapa mpakani. Watu kama 300 walikuja. Sisi vijana wa sono tulifurahi sana, maana ilikuwa mara ya kwanza kampuni kutukodi. Tulipanga spika zote mbele, tukaongeza besi, kwaya ikaimba, watu wakasimama na kupiga makofi. Kisha mtaalamu mmoja alipanda jukwaani kueleza jambo lililowaleta: dereva anayebeba asidi afanye nini tangi likivuja, akimbilie upande gani wa upepo, asiguse nini, amwite nani.

Mwishoni mzee mmoja dereva, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa nyuma, alikuja kunisalimu. Akaniambia: "Mtoto wangu, muziki wenu ulikuwa mzuri. Lakini yule bwana wa asidi alisema nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Barabara ya taifa namba 1 inapita hapa, ikitoka Lubumbashi, kilomita 90 hivi. Shaba na kobalti hutoka kwa njia hii; mafuta, unga na asidi ya migodi huingia kwa njia hii hii. Yule mzee alirudi kwenye usukani wake bila yale maneno aliyoitiwa kuyasikia. Kosa halikuwa lake, wala la mtaalamu. Lilikuwa letu sisi tuliopanga vyombo. Tulipanga kwa ajili ya furaha, hatukupanga kwa ajili ya maneno.

Toka siku ile tumejifunza mengi, na tunataka kuwagawia ninyi wa makanisa ya mashariki. Katika miji yetu mingi, ukumbi wa kanisa ndio paa kubwa kuliko yote. Kampuni, mawakala wa forodha, hospitali na vyama vya wafanyabiashara huja kuuomba. Na hatua hizi hizi zitawafaa kwa sinodi, kongamano la vijana au mazishi makubwa.

Anza na swali, usianze na vyombo

Kampuni ikija, kwa kawaida swali lake la kwanza ni: "Mna spika ngapi?" Msijibu haraka. Ninyi pia ulizeni yenu: Watu wangapi watakuja? Wataketi ndani au nje? Nani atasema, na kwa lugha gani? Kuna picha za kuonyesha? Kuna mtu atakayesema kutoka mbali kwa simu au kompyuta? Na swali kubwa kuliko yote: mtu akitoka hapa, ni jambo gani moja lazima awe amelisikia na kulielewa?

Kwa siku ya usalama, jibu ni maagizo ya hatari. Kwa mkutano wa wenye hisa, ni hesabu za fedha. Kwa sherehe ya wafanyakazi wanaostaafu, ni majina yao yakitajwa vizuri, jina kwa jina. Jibu hilo ndilo litakaloamua mahali pa kuweka nguvu na fedha zenu. Liandikeni juu ya karatasi ya kwanza ya mpango.

Tembeleeni ukumbi saa ile ile ya mkutano

Ukumbi mtupu saa moja asubuhi si ukumbi wa saa sita mchana. Nendeni saa ile mkutano utakapofanyika, mkiwa na mita ya kupimia, kalamu na daftari.

Pimeni urefu kutoka jukwaani mpaka kiti cha mwisho. Hesabuni prizi, na mfuate kila waya mpaka kwenye sanduku la umeme, mjue prizi zipi zinalindwa na disjonkta ipi. Angalieni jua linaingia kwa dirisha gani. Sikilizeni barabara: hapa Kasumbalesa injini za magari makubwa hazinyamazi. Pigeni makofi mara moja katikati ya ukumbi na msikilize: sauti ikirudi na kuendelea kulia, jueni kwamba kuta za saruji na paa la mabati zitapigana na mnenaji.

Halafu kuna mvua. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua ya mchana inaweza kuanguka juu ya mabati kwa nguvu hata mikro isifae kitu. Hakuna spika inayoshinda mvua ya namna hiyo. Mkiongeza sauti mnaongeza tu kelele. Katika miezi hiyo wekeni maneno makubwa asubuhi, na mkubaliane mapema na mwongozaji: mvua ikianza, tunasimama, watu wanakunywa chai, tunarudia pale tulipoachia. Mpango huo haugharimu faranga hata moja.

Umeme: hesabu kabla ya kuamini

Umeme wa mji hukatika, kila mtu anajua. Ndiyo maana jenereta inahitajika. Lakini jenereta nyingi huzimika kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Soma nyuma ya kila chombo namba ya wati, kisha jumlisha. Huu hapa mfano:

Spika 4 zenye umeme wake, wati 400 kila moja: 1,600.
Meza ya sauti na vipokezi vya mikro: 150.
Projekta 2, wati 350 kila moja: 700.
Kompyuta 3 kwa pamoja: 250.
Taa 10 za LED, wati 50 kila moja: 500.
Feni 4, wati 75 kila moja: 300.
Jumla: wati 3,500.

Sasa gawanya kwa 220, yaani volti za umeme wetu. Utapata karibu ampea 16. Kumbe ukitundika vyote hivyo kwenye ralonji moja nyembamba ya ampea 10, ralonji hiyo itapata moto, itayeyuka, na inaweza kuwaka. Gawanyeni mzigo kwenye njia mbili au tatu: sauti njia yake, projekta na kompyuta njia yao, taa na feni njia yao. Taa zikileta shida, sauti inabaki.

Jenereta huuzwa kwa namba ya kVA, na namba hiyo si sawa na kilowati. Kwa jenereta nyingi, zidisha kVA kwa 0.8 ndipo upate kilowati. Basi kilowati 3.5 zinaomba kVA 4.4 hivi. Lakini jenereta haipendi kubebeshwa mpaka shingoni muda wote. Mwachieni nafasi ya robo. Kwa hiyo tafuteni ya kVA 6 au zaidi, mafuta yawe ya saa zote pamoja na akiba, na mtu mmoja awe na kazi ya kuichunga, asiwe mtu wa kupita tu.

Hapa nikumbushe adui mdogo: birika la umeme. Birika moja linaweza kula wati 2,000. Katika mkutano mmoja mama wa jikoni, kwa nia njema, walichemsha maji ya chai kwenye prizi ya nyuma ya jukwaa. Mzigo ulipanda toka 3,500 mpaka 5,500, jenereta ikakohoa, ikazimika, mkurugenzi akiwa katikati ya neno. Mama hawakuwa na kosa, hakuna aliyewaambia. Siku hizi tunaketi na watu wa jikoni mapema, na wao wana jiko lao la makaa au njia yao ya umeme. Prizi za sono tunazifunga kitambaa chekundu.

Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha, upepo ukipeleka moshi kando ya watu. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua mtu akiwa amelala. Kamwe isiwekwe ndani ya chumba au barazani, hata kama mvua inanyesha. Jengeeni kibanda cha mabati kilicho wazi pande zote.

Sauti: wengi husikia, wachache huelewa

Mwaka 1739, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin alimsikiliza mhubiri George Whitefield akisema nje bila chombo chochote. Franklin alirudi nyuma polepole mpaka kelele za barabara zikafunika sauti, kisha akapiga hesabu kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia. Somo kwetu ni lile alilolifanya Franklin: alitembea. Mtu wa sono asiyetoka nyuma ya meza yake hajui watu wanasikia nini. Mnenaji akianza, mmoja wenu atembee mpaka kiti cha mwisho, asikilize, arudi na habari.

Sauti hupungua kadiri inavyokwenda. Nje, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Kwa sababu hiyo, spika zote zikiwa mbele, wa mbele wanazibwa masikio na wa nyuma wanabahatisha. Ni afadhali spika mbili mbele na mbili katikati ya ukumbi, zote kwa nguvu ya kiasi, zikiinuliwa juu ya vichwa na kuelekezwa kwa watu, si kwa ukuta wala paa.

Lakini mkiweka spika za katikati, kuna jambo la kukumbuka. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hivi, wakati umeme katika kable hufika papo hapo. Mtu aliyeketi mita 34 kutoka jukwaani atasikia spika ya karibu kwanza, kisha sauti ya mbele itamfikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Atasikia kila neno mara mbili. Meza za sauti za kisasa zina sehemu ya kuchelewesha spika za nyuma: wekeni milisekunde 3 kwa kila mita ya umbali kati ya spika za mbele na hizo za katikati.

Sasa kosa letu la siku ya asidi. Uzito wa muziki uko kwenye sauti za chini, lakini maana ya neno iko kwenye herufi kama s, t, k, f na ch, ambazo ziko juu. Ukiongeza besi, unazifunika. Mtu anasikia mngurumo wa sauti, hajui kama umesema "simama" au "inama". Kwa mnenaji, punguza besi, inua kidogo sauti za juu za katikati, na uzime mwangwi wote uliowekwa kwa ajili ya waimbaji. Andaeni mipango miwili kwenye meza: mmoja wa kwaya, mmoja wa maneno.

Na ule mlio mkali unaochoma masikio? Unatokea mikro inaposikia spika yake yenyewe. Dawa ni nne: mikro ikae nyuma ya spika, isielekezwe kwake, mnenaji aishike karibu na mdomo, upana wa vidole vitatu au vinne, mikro zisizotumika zizimwe, na sauti ishushwe kidogo. Mfundisheni kila mnenaji kabla hajapanda, hata kama ni mkurugenzi au askofu. Mwambieni kwa heshima: "Baba, tunaomba uishike hivi ili wote wakusikie." Hakuna mkubwa aliyetukasirikia kwa ombi hilo.

Mikro zisizo na waya zina hatari yake mpakani. Nyingi zinatumia mawimbi ya jirani na yale ya televisheni, na mawimbi hayana pasipoti; ya upande wa Zambia yanafika kwetu na yetu yanafika kwao. Tena, mawimbi ya kuanzia megahezi 694 kwenda juu yalipewa simu za mkononi katika mkutano wa kimataifa wa mwaka 2015, basi mikro za zamani za eneo hilo zinaweza kupata fujo. Ijaribuni kila mikro mahali penyewe, siku moja kabla. Na daima wekeni jukwaani mikro moja ya waya. Ya waya haiishiwi betri.

Lugha: mkalimani naye ni sehemu ya sono

Kasumbalesa ni mji wa lugha nyingi. Katika ukumbi mmoja unakuta Kiswahili, Kibemba, Kifaransa, na Kiingereza cha wageni wa upande wa pili. Wengi huweka fedha kwenye spika na kumsahau mkalimani, wanamsimamisha bila mikro nzuri, au wanamwita dakika ile ile.

Kumbukeni sura ya 8 ya kitabu cha Nehemia. Watu walitengeneza jukwaa la mti mahsusi kwa siku ile, Ezra akasimama juu yake mbele ya macho ya wote, na Walawi wakawa kati ya watu wakiwaeleza maana. Yaani jukwaa la kuonekana na wafafanuzi walipangwa pamoja, mapema.

Basi mpeni mkalimani mikro sawa na ya mnenaji, na mahali anapoweza kuona uso wake. Mpeni hotuba siku mbili kabla, hasa maneno ya kazi: majina ya kemikali, ya karatasi za forodha, ya vyeo. Na katika ratiba, hesabuni kwamba hotuba ya dakika 20 ikitafsiriwa sentensi kwa sentensi inakuwa dakika 40. Mikutano mingi inayochelewa kwa saa mbili imechelewa hapo hapo. Kama lugha ni tatu, ni heri wasemaji wa lugha ya tatu waketi pembeni pamoja, mkalimani wao akiwasemea kwa sauti ya chini au kwa spika ndogo.

Picha: nani ataisoma?

Kwa skrini kuna kanuni rahisi: kimo cha picha kiwe angalau sehemu ya sita ya umbali wa mtu wa mwisho. Mtu akiketi mita 18, picha iwe na kimo cha mita 3. Kama hamna skrini ya namna hiyo, wekeni ya pili katikati ya ukumbi. Mwambieni mwenye mada aandike mistari sita tu kwa ukurasa, herufi kubwa. Jedwali la hesabu lenye safu ishirini halisomwi na mtu yeyote. Ligawiwe kwenye karatasi.

Mchana, chini ya hema lililo wazi, projekta ya kawaida haionyeshi kitu, jua linaifuta. Ama fungeni pande za hema kwa turubai nyeusi, ama onyesheni picha jioni, ama msiahidi picha. Ombeni faili zote siku moja kabla, mziweke kwenye kompyuta ya kanisa na kwenye flashi, mzifungue zote mpaka mwisho. Video iliyobaki kwenye simu ya mkurugenzi ni video ambayo haitaonekana.

Kama mkutano utarushwa kwa intaneti, picha ya kiasi cha kawaida huhitaji megabiti 2.5 kwa sekunde za kupanda, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 1 kwa saa. Hapa mpakani kuna mtego: simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo bila wewe kujua, na salio likaisha dakika chache. Zimeni sehemu ya simu inayoruhusu mitandao ya nje, au chagueni mtandao wenu kwa mkono. Na kama mnaungana na wenzenu wa Kinshasa, kumbukeni saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, ingawa ya Zambia ni sawa na yetu.

Vyombo vinavyovuka mpaka

Mara nyingine ni rahisi kukodi vyombo Chililabombwe au Chingola kuliko kuvileta toka Lubumbashi. Si vibaya, ila angalieni mambo matatu.

La kwanza ni karatasi. Chombo kilichokodiwa ni mali inayoingia nchini, na forodha ya DGDA ina utaratibu wa uingizaji wa muda. Andikeni orodha ya kila chombo na namba yake, mwende kwa wakala anayeaminika siku nyingi kabla. Msivipitishe kwa njia za panya. Kanisa linaloingiza spika kwa kificho litasema nini juu ya uaminifu Jumapili?

La pili ni muda. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na nchi yetu kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Waliokuwa na mizigo walingoja. Basi chombo ambacho mkutano hauwezi kufanyika bila hicho kiwe tayari upande wenu siku tatu kabla, au mwe na kingine cha akiba.

La tatu ni prizi. Volti zinapatana, lakini plagi za Zambia nyingi ni za miguu mitatu ya mraba, na zetu ni za miguu ya duara. Nimeona vijana wakikata plagi na kuchomeka nyaya tupu kwenye prizi kwa vijiti vya kiberiti. Huo ni mchezo na kifo. Nunueni adapta nzuri zenye waya wa ardhi, ziwe mali ya kanisa.

Usalama wa watu ni wa kwanza

Nchi yetu imelia kwa ajili ya mikusanyiko. Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulianguka katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, ukaua watu 26. Oktoba mwaka ule ule, watu 11 walikufa katika msongamano wa tamasha kwenye uwanja wa Stade des Martyrs. Julai 2024, katika uwanja ule ule, wengine walikufa kwenye tamasha la nyimbo za Injili. Walikuja kuimba, hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo msisimamishe hema wala nguzo ya spika chini ya waya za umeme. Nguzo za spika zifungwe na kuwekewa mifuko ya mchanga miguuni. Kable zisipite milangoni. Zikilazimika, zifunikwe kwa mkeka uliobandikwa. Milango yote ifunguliwe kwa ndani wakati wote, na viti visizibe njia. Mjue idadi ambayo ukumbi unaibeba, na ikifika, mfunge orodha. Wekeni kizima moto cha unga karibu na jenereta na kingine karibu na jukwaa. Na mtu wa sono awe na sentensi moja iliyoandikwa, ya kusomwa kwa utulivu jambo likitokea, kwa Kiswahili na Kibemba, kuwaelekeza watu watoke kwa mlango upi. Siku hiyo, mikro ndiyo itakayookoa.

Mkutano ukifanyika nje, mahali pa watu wote, wajulisheni wakuu wa mji kwa barua kabla ya siku.

Karatasi ya mwendo

Siku yenyewe, kila mmoja awe na karatasi moja yenye safu nne: saa, jambo, nani, na chombo gani. Kwa mfano: saa tatu na dakika 10, neno la mkurugenzi, mikro namba 1, mkalimani mikro namba 2, picha hakuna. Mtu mmoja tu atoe amri kwa kikundi. Wakiamuru watatu, mikro itazimwa wakati wa kuomba na kuwashwa wakati wa kunong'ona.

Vyombo vifungwe jana yake. Asubuhi ni ya kujaribu, si ya kufunga. Saa moja kabla ya watu kuingia, kila kitu kiwe kimenyamaza na tayari, betri mpya ndani, na kikundi kimekula. Mtu mwenye njaa hukosea kitufe.

Mapatano na fedha

Neno la mwisho ni la mapatano, na kwalo makanisa mengi yameumia. Kampuni ni mgeni wa heshima, lakini si mshirika wa ushirika. Andikeni: tarehe, saa za kuingia na kutoka, vyombo mtakavyotoa, bei kwa dola au faranga, nani analipa mafuta, nani analipa kikivunjika kitu, na malipo ya kwanza yatakayotolewa kabla ya siku. Pande mbili zitie sahihi.

Msiahidi msichonacho. Kama vyombo vyenu vinafaa watu 200, msikubali 600 kwa sababu ya noti. Semeni wazi, mshirikiane na kanisa jirani. Na vijana wanaobeba spika alfajiri na kukunja kable usiku wapewe haki yao. Kazi ya Jumapili ni sadaka yao. Kazi ya kampuni iliyolipa kanisa ni kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Tena wekeni sehemu ya fedha kwa ajili ya kubadili kable na betri, la sivyo baada ya mwaka mtakodisha vyombo vilivyokufa.

Mwaka uliofuata, kampuni ile ile ilirudi kwetu kwa siku yake ya usalama. Tulishusha besi. Tuliweka spika mbili katikati. Mkalimani wa Kibemba alikuwa ameisoma hotuba toka juzi. Mtaalamu wa asidi alipoanza, mimi nilitoka nyuma ya meza, nikaenda mpaka mlango wa nyuma, nikasimama pale. Yule mzee alikuwa ameketi kiti kile kile. Hakunitazama. Alikuwa ameinama, anaandika.